Kulazwa, Kuamka, Kutembea: Kweli na Uongo Kuhusu Operesheni ya Tumbo

Mgonjwa akitolewa kijiji cha Shasha, mashariki mwa Kongo, kwenda kupasuliwa, maneno humtangulia. Pikipiki haijafika Sake, jirani ameshasimulia jinsi dawa ya usingizi ilivyommaliza mtu fulani, shangazi ameapa kwamba sindano ya mgongo ndiyo iliyompinda, na mwingine ameagiza kuwa mgonjwa akirudishwa kitandani asiguswe wala kusogezwa kwa juma zima. Bila shaka nawe umeyasikia. Pengine umewahi kuyasema mwenyewe kando ya kitanda cha mtu unayempenda.

Baadhi ya maneno hayo yana ukweli ndani yake, na nitayatetea. Mengine yanaumiza watu. Katika Masisi na Walikale operesheni ya tumbo si habari ya mbali: kuna mama aliyeshindwa kujifungua, ngiri iliyojinyonga, kidole tumbo kilichopasuka, kijana aliyepigwa risasi. Hospitali kuu ya rufaa ya Masisi imesaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka tangu 2007, na kule Goma, kwenye hospitali ya CBCA Ndosho, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilileta timu ya wapasuaji mwaka 2012 kwa ajili ya majeruhi wa vita. Siku hizi wenye ndugu Nairobi au Dar es Salaam wanasikia pia habari za operesheni ya kupunguza uzito. Operesheni ni tofauti, lakini maswali ya jamaa waliokaa nje ya mlango ni yaleyale: ataamka? Ainuke lini?

«Ni usingizi tu, kama ule wa usiku»

Si kweli. Aliyelala usiku ukimchoma sindano ataruka. Aliyelazwa kwa dawa anapasuliwa ngozi, misuli na kizazi bila kukunja uso. Ubongo wake umezimishwa kwa makusudi na kwa kipimo, ndiyo maana kuna mtu ambaye kazi yake yote ni kukaa upande wa kichwa cha mgonjwa, kuangalia pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na kuongeza au kupunguza dawa. Huku kwetu mara nyingi mtu huyo si daktari bali ni muuguzi aliyesomea usingizi. Familia hulijua jina la mpasuaji, la muuguzi huyu hailijui. Ningependa tubadilishe desturi hiyo. Kabla mgonjwa hajaingia, uliza kwa heshima: nani atamlaza, na nani atakaa naye mpaka azinduke?

Kuamka nako hakutokei kwa sababu mtu amechoka kulala. Dawa inaondoka ubongoni. Kama ni ya kuvuta kwa pumzi, inatoka kwa pumzi. Kama ni ya mshipani, inasambaa kwanza kwenye misuli na mafuta, kisha ini na figo zinaimaliza. Kwa hiyo mzee, mtu mwenye ugonjwa wa figo au ini, na aliyepatwa na baridi mezani huchelewa kuzinduka kuliko kijana mwenye afya. Kuchelewa huko muuguzi anakutarajia. Blanketi kavu litamsaidia mgonjwa kuliko vilio vya mlangoni.

«Wengi hulala pale mezani wasiamke tena»

Si kweli, na naomba usiliruke jibu hili. Mwaka 2018 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika: nchi 25, hospitali 247, wagonjwa zaidi ya 11,000. Waliofariki hospitalini baada ya operesheni walikuwa kama 2 katika kila 100. Si wachache. Ni mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi na wenye magonjwa machache zaidi. Sasa angalia walifariki lini. Katika kila vifo 100, 94 vilitokea baada ya siku ya operesheni kupita. Mgonjwa alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji, mara nyingi ameshaamka, ameshasalimiana na watu wake. Kilichomwondoa kilikuja baadaye: kutoka damu, usaha, homa ya mapafu, moyo kushindwa, na hakuna aliyeona mapema.

Hofu yetu imekaa mahali pasipo pake. Tunasali kwa saa mbili anapolala mezani, halafu akifumbua macho tunapumua, tunapunguza wanaomlinda, tunarudi shambani. Macho yetu yanahitajika zaidi siku zile zinazofuata.

«Aliyeamka akipiga kelele ameonana na wafu, au amerogwa»

Si kweli, lakini alichokiona amekiona kweli. Dawa inayotumika sana katika hospitali zetu za vijijini na za vita ni ketamini. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa za lazima tangu 1985. Sababu za kupendwa kwake ni nzuri. Inaondoa maumivu, kwa kawaida haiangushi shinikizo la damu, na mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe, jambo kubwa mahali ambapo umeme unakatika na oksijeni ni ya kuhesabu. Shida yake iko kwenye kuzinduka. Baadhi ya watu hurudi wakiwa na ndoto nzito: wanapaa, wanajiona nje ya mwili wao, wanazungumza na marehemu baba, wanalia au kupiga mikono hewani. Inapita, mara nyingi ndani ya saa chache.

Ukikaa karibu na mtu wa namna hiyo, fanya mambo madogo. Punguza mwanga na kelele. Usimshike kwa nguvu isipokuwa anataka kuanguka. Mwambie kwa sauti ya chini, tena na tena: uko hospitali, operesheni imekwisha, mimi niko hapa. Muuguzi ana sindano ya kutuliza ikizidi. Mtu aliyekimbia vita akaona aliyoyaona anaweza kuota hayohayo, naye anastahili kusikilizwa kesho yake bila kutafutiwa mchawi.

«Ukilala utatoboa siri zako zote»

Si kweli. Aliyelala kabisa hasemi, na anayezinduka hutamka vipande visivyo na kichwa wala miguu. Hakuna dawa ya usingizi inayomlazimisha mtu kusema ukweli. Wenye siri na walale kwa amani.

«Mwite jina lake atarudi»

Nusu kweli. Wazee wanaokaa mlangoni na kumwita mgonjwa kwa jina alilopewa na nyanya yake hawakosei kama watu wa kisasa wanavyodhani. Muuguzi naye hufanya hivyo: humwita kwa jina, humwambia afumbue macho, abane kidole, atoe ulimi. Huo ni mtihani wa kujua ubongo umefika wapi, na sauti anayoifahamu humpunguzia woga anaporudi. Ila jina haliondoi dawa mwilini. Kumpiga makofi na kummwagia maji hakuharakishi chochote, na kunaweza kumfanya atapike akiwa bado hana nguvu ya kuyazuia matapishi yasiingie mapafuni.

«Kunywa uji kidogo kabla ya operesheni kunampa nguvu»

Si kweli, na hapa nakuwa mkali. Aliyelala hawezi kukohoa. Uji uliomo tumboni ukipanda unateremka mapafuni, na mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alieleza jinsi jambo hilo lilivyowaharibu mapafu wanawake waliolazwa kwa dawa wakati wa kujifungua. Maziwa ya Masisi, uji wa mtama, ndizi, vyote ni chakula: visiingie kinywani ndani ya saa 6 kabla ya kulazwa, na chakula cha mafuta kikae mbali zaidi. Maji matupu kwa kawaida yanaruhusiwa mpaka saa 2 kabla. Kama mtu alikula kwa sababu operesheni ni ya dharura, sema ukweli. Muuguzi wa usingizi hatakugombeza. Atabadilisha namna ya kumlaza.

«Sindano ya mgongo inaharibu mgongo wa mwanamke maisha yake yote»

Si kweli. Hili ndilo nalisikia kuliko yote, kutoka Minova hadi Mombasa, na linawafanya akina mama wakatae njia iliyo salama zaidi kwao. Sindano ile huingia chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia, kwenye maji yanayozunguka nyuzi za neva. Tundu lake ni dogo. Wanawake waliozaa wakafuatiliwa kwa miezi mingi, wenye sindano na wasio na sindano, wameumwa mgongo karibu sawasawa. Kinachouma ni mimba yenyewe, iliyolegeza viungo na kuvuta kiuno mbele, kisha mtoto mgongoni, maji na makala. Mama wa Masisi hubeba mzigo wake kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Mgongo huo una sababu nyingi za kulalamika kabla hatujaisingizia sindano.

Kuna jambo moja la kweli ndani ya hadithi hiyo. Wachache hupata kichwa kikali siku moja hadi tatu baadaye, kinachouma ukikaa au kusimama na kutulia ukilala. Maji ya uti wa mgongo yamevuja kupitia lile tundu, na sindano nene huvujisha zaidi kuliko nyembamba. Aliye nacho amwambie muuguzi. Lakini agizo la kumlaza kila mtu chali siku nzima bila mto ili kichwa kisije, hilo limepimwa na halizuii kitu. Linampotezea mama saa za kusimama tu.

«Kutembea mapema kunafungua mshono»

Si kweli, si kweli, si kweli.

Mshono wa tumbo una tabaka. Unaouona juu ni wa ngozi. Unaoshikilia kazi uko chini, kwenye utando mgumu wa tumbo, na uzi wake umetengenezwa ili uvumilie kukohoa, kucheka na kuinuka. Kinachoachanisha jeraha ni usaha, upungufu wa damu na lishe, kikohozi kisichotibiwa, na kubeba vizito. Hatua kumi za polepole kwenda mlangoni hazimo katika orodha hiyo. Bidoni ya lita 20 imo, hata siku ya kumi na tano, kwa hiyo jamaa wenye huruma na waihamishie huruma yao kisimani.

Zamani hata madaktari waliamini kama shangazi. Ulaya na Marekani, mama aliyepasuliwa alilala majuma mawili au matatu. Mwaka 1899 daktari Emil Ries wa Chicago aliandika kwamba wagonjwa wake walioinuka mapema walipona vizuri zaidi, na wenzake wengi hawakumsikiliza. Ilibidi ifike miaka ya 1940, Vita vya Pili vya Dunia vikibana vitanda na wauguzi, ndipo waliposimamishwa wagonjwa kwa wingi na kuonekana kwamba wanapona, tena haraka.

Sababu iko miguuni. Damu hupanda kutoka miguuni kurudi moyoni kwa kusukumwa na misuli ya vigimbi, na misuli hiyo hufanya kazi mtu anapotembea. Akilala tuli, damu inakaa. Baada ya operesheni inaganda upesi kuliko kawaida, na kwa mwanamke aliyetoka kujifungua inaganda upesi zaidi. Bonge likikatika likapanda mapafuni, mtu aliyekuwa akiongea saa nane anaweza kuwa amekwisha saa tisa. Mapafu nayo, kwa mgonjwa anayeogopa kupumua kwa sababu ya kidonda, hujifunga sehemu za chini na kualika homa. Matumbo hulala. Kila kimoja cha hivyo huanza kuamka mtu anaposimama.

Namna ya kusimama ina utaratibu wake. Aliyepigwa sindano ya mgongo asubiri miguu irudi, na kwa kawaida hiyo ni saa 2 hadi 4: achezeshe vidole, akunje goti, aliinue mwenyewe. Kisha ageuke ubavu, ateremshe miguu kando ya kitanda, na asukume kwa mkono mpaka akae. Asijikunje kwa tumbo kuinuka moja kwa moja, maana maumivu yote ya operesheni yamo katika kosa hilo. Akishakaa, akae kweli, dakika kadhaa, miguu ikining'inia. Kizunguzungu kitakuja kwa sababu damu inateremka, mpe nafasi kipite. Kikwembe kilichokunjwa kama mto akibane juu ya kidonda kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ushike wako. Mpira wa mkojo ubebwe chini ya kiuno. Asimame, atazame mbele badala ya kutazama sakafu, avute pumzi mara tatu, kisha hatua ya kwanza. Atasema hawezi. Hatua ya nne kwa kawaida ni rahisi kuliko ya kwanza, na mara ya pili siku hiyohiyo ni rahisi kuliko zote. Dawa ya maumivu apewe mapema kidogo kabla ya kuinuka, maana kuvumilia maumivu hakuponyi jeraha.

Haya yote yana mpaka wake: kama anatoka damu nyingi, kama hajitambui, au kama daktari ametaja sababu yake ya kumlaza, basi alale.

«Mfunge tumbo kwa kikwembe»

Kweli. Nyanya zetu walipata hapa, na wanaowacheka wajifunze. Majaribio ya kuwafunga mkanda wa tumbo waliopasuliwa yameonyesha kuwa wanatembea zaidi na maumivu yanawasumbua kidogo. Kikwembe kipana, kikavu na kisafi, juu ya bandeji, kikazwe kiasi cha kushikilia tu. Akishindwa kuvuta pumzi mpaka mwisho, legeza. Na tusikidai zaidi ya kazi yake: kinashikilia tumbo, hakiliyeyushi.

«Asile mpaka atoe upepo»

Si kweli kwa mama aliyepasuliwa kujifungua bila matatizo. Miaka mingi wodini swali la asubuhi limekuwa hilohilo, «ameshatoa upepo?», na mama ananyonyesha huku njaa inamkata. Miongozo ya sasa ya kimataifa inaruhusu chakula cha kawaida ndani ya saa chache tu za kwanza. Kula mapema huyaamsha matumbo. Hata kutafuna chingamu kumepimwa: kwa waliofanyiwa operesheni ya kujifungua, upepo ulitangulia kwa saa 7 hivi, maana kinywa kikitafuna tumbo hudhani chakula kinakuja. Aliyekatwa na kuungwa utumbo kwa risasi ni mambo mengine kabisa. Kwake huyo neno la mpasuaji lisikilizwe, na sombe yako ingoje.

«Kumlaza mtu na kumpasua ni ujuzi wa Wazungu, wazee wetu hawakuujua»

Si kweli. Onyesho la etha lililoshangaza dunia lilifanywa na William Morton huko Boston, tarehe 16 Oktoba 1846, na sifa hiyo ni yake. Lakini mwaka 1879 Robert Felkin, mmisionari aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo, mganga wa kienyeji akimpasua mwanamke ili kumtoa mtoto. Mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe hiyohiyo, akatumia chuma cha moto kuzuia damu, akafunga jeraha kwa vijiti saba vya chuma vilivyosuguliwa na kuzungushiwa kamba, kisha akapaka dawa ya mizizi. Felkin alikaa kuwaangalia. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimefunga, mama na mtoto wako hai. Alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884, na ni wazi kwamba mkono ule haukuwa unajaribu kwa mara ya kwanza.

Nampa mganga yule heshima yote. Haina maana kwamba mgonjwa wa leo apewe kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kabla ya kwenda Goma. Pombe na dawa ya usingizi hugombana ndani ya mwili mmoja.

«Mtu mnene aliyepunguzwa tumbo alale mpaka apone kabisa»

Si kweli, na kwake uongo huu ni hatari kuliko kwa wengine wote. Masisi operesheni hii haifanywi. Nairobi inafanywa, na Dar es Salaam hospitali ya Mloganzila imejulikana kwa kuweka puto tumboni, jambo ambalo halihitaji kukata. Katika aina ya operesheni inayofanywa sana duniani, takriban robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula huondolewa kupitia matundu madogo. Tumbo hujazwa kwanza gesi ya kaboni dayoksaidi ili mpasuaji aone. Mabaki yake huchokoza kiwambo cha pumzi, ndiyo maana mgonjwa huamka akilalamikia bega ambalo hakuna aliyeligusa.

Mwili mzito huamka kwa uangalifu wake. Wengi wenye mwili huo hukoroma na kukatikiwa pumzi usingizini, kwa hiyo huzinduliwa kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa. Na bonge la damu la mapafuni ni miongoni mwa mambo yanayowaua zaidi baada ya operesheni hii, hivyo wauguzi huwasimamisha siku hiyohiyo, saa chache tu baada ya kuzinduka, na kuwatembeza tena kabla ya usiku. Wanakunywa maji kwa mafunda madogo sana, hawagugumii. Ukiwa na dada huko na akakupigia simu analia kwamba wamemwinua akiwa bado na maumivu, usimwonee huruma ya kumwambia arudi kulala. Mwambie atembee.

Awe ametoka Nairobi, Ndosho au Masisi, akisharudi nyumbani dalili za kutazama ni zilezile. Mguu mmoja uliovimba na kuuma kwenye kigimbi, mwingine mzima. Pumzi fupi iliyoanza ghafla, au kifua kinachochoma anapovuta hewa. Homa. Jeraha linalotoa usaha au harufu. Damu inayolowesha nguo baada ya nguo. Mapema mwaka 2024 mapigano yalikata barabara ya Sake na Minova hapohapo Shasha, na watu wa hapa wanajua kwamba njia iliyo wazi asubuhi inaweza kufungwa jioni. Kwa hiyo mwenye moja ya dalili hizo asingoje kupambazuke ili aone kama itapungua. Atafutiwe pikipiki wakati huohuo, na anayempeleka amweleze muuguzi kitu cha kwanza kabisa: alipasuliwa siku gani, na tangu hapo ametembea au amelala.